Kobe wa Bonde la Njuga

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni miaka arobaini na mitatu na siku moja tangu niondoke nyumbani. Kumbukumbu yenyewe ilikuwa jana, lakini jana nilikuwa najalidi upya kamusi ya mwalimu wa hesabu, na gundi ikishapakwa haimsubiri mtu na huzuni zake. Nimeadhimisha leo, kwa kikombe cha pili cha chai.

Habari kubwa. Maktaba ya mtaa inatimiza miaka hamsini. Jumamosi ya tarehe 15 kutakuwa na mashindano ya kuvuta kamba uwanjani, timu za watu wanane wanane. Hilo si kitu. Kitu ni hiki: kila timu lazima ichukue jina la mahali panaposimuliwa katika kitabu cha watoto cha zamani, na iwe na mnyama wake kutoka humo humo. Yaani mtu mmoja avae kama mnyama huyo, arukeruke pembeni, awatie wenzake moyo. Na kitabu kiletwe maktaba, kionekane.

Nilisoma tangazo hilo kwenye mlango wa Kinyozi, ghorofa ya chini. Ilibidi nikae kwenye kiti chake cha kunyolea. Akanifunga shuka shingoni bila kuniuliza. Nimenyolewa kwa ajili ya furaha.

Maana mimi nina kitabu. Nilikuwa nacho, niseme hivyo. Nilikisoma nikiwa na miaka tisa, shuleni, kwenye dawati la watu wanne. Kinasimulia Bonde la Njuga, ambako nyasi zikipigwa na upepo hulia kama njuga miguuni mwa wachezaji. Langoni anakaa Kobe. Kila mgeni akifika, Kobe humuuliza swali moja tu: huko ulikotoka umeacha nini? Mgeni akijibu kweli, lango hufunguka. Na mwisho wa kitabu, mwisho wa ajabu, Kobe amesimama peke yake langoni, anatazama juu, tone la kwanza la mvua linamwangukia puani. Basi. Kimeishia hapo. Nimejalidi vitabu maisha yangu yote, na sijakutana na mwisho wenye ujasiri kama ule.

Watu mia tatu watakuwa uwanjani. Watu mia tatu watalipigia kelele jina la Bonde la Njuga, hapa, ambako hakuna aliyewahi kulisikia. Nikilisikia likitajwa hivyo mara moja, sidai tena kitu kwa dunia.

Tatizo dogo: sina kitabu. Tangu mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ananitafutia huko nyumbani. Kila barua yake inaisha vilevile. Kitabu bado, mjomba. Chumba chako tumekipaka rangi tena. Unarudi lini?

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa wapangaji kwa Kinyozi. Yeye ndiye kocha, kwa kuwa ndiye mwenye filimbi.

Nilikuwa nimejiandaa. Tangu asubuhi nilipita mlango kwa mlango. Mke wa Kinyozi nimemwahidi kumjalidia albamu ya harusi. Wale ndugu wawili wapaka rangi nimewaahidi jalada jipya la kitabu chao cha sampuli, kilichobaki mifupa mitupu. Dereva teksi alikuwa anataka tuitwe Kasri la Sungura. Nimemwambia kwa masikitiko kwamba timu ya posta wameshalichukua. Hawajalichukua. Nimekwenda posta kuwashauri walichukue.

Kura tano kwa tatu. Bonde la Njuga. Nikasimama nitoe shukrani.

Ndipo Mkunga akakohoa.

Huyu Mkunga ni jirani yangu wa ghorofa ya pili. Amestaafu, amezalisha nusu ya mtaa, na anamtazama kila mtu kama anayekumbuka alivyolia siku ya kwanza. Tumetoka mji mmoja. Mimi shule ya wavulana upande huu wa mto, yeye shule ya wasichana upande ule. Tungepaswa kuwa kama ndugu. Badala yake tumebishana miaka thelathini, kuanzia bei ya kivuko hadi rangi ya mlango wa posta ya kwetu.

Akasema anakijua kitabu hicho, ndicho alichokipenda kuliko vyote utotoni, na amefurahi sana kaka yake amekitaja. Ila kaka amechanganya kidogo. Si bonde, ni ziwa. Ziwa la Njuga. Na mnyama wake si kobe, ni Bata.

Nikamwambia dada, hakuna bata katika kitabu kile. Hata unyoya.

Akasema kaka, hakuna bonde. Ni maji matupu toka ukurasa wa kwanza.

Nikamuuliza kitabu kinaanzaje. Akajibu kinaanza katikati ya sentensi, kama watoto wote wazuri wanavyokuja, bila salamu. Watu wakacheka. Nikasema kitabu hakianzi katikati ya sentensi, mimi ni fundi wa vitabu. Akasema na yeye ni fundi wa kuanza.

Kinyozi akapuliza filimbi ndani ya nyumba. Ameamua hivi: atakayeleta kitabu maktaba ndiye atakayetoa jina na mnyama. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Timu isiyo na kitabu itaitwa kwa namba yake. Yetu ni Timu Namba Saba.

Namba saba. Kama kiatu.

Alhamisi, 6 Machi

Sijalala vizuri kwa sababu ya akili kunichemka. Nina mpango, na ni mpango safi kabisa.

Kitabu hakipatikani. Lakini kitabu ni nini? Ni karatasi, uzi, gundi na maneno. Karatasi ninayo. Uzi ninao. Gundi ninayo ndoo nzima. Na maneno ninayo kichwani, yametulia humo miaka sitini na mitano bila kulipa kodi.

Huku si kudanganya. Nakirudisha kitabu duniani.

Nimeandika siku nzima kwa mwandiko wa chapa, kalamu ya wino mweusi. Kurasa arobaini na nane. Pale kumbukumbu ilipokonda nimeinenepesha kidogo. Kwa mfano, sikumbuki Kobe alimwambia nini Nungunungu aliyekataa kujibu swali. Nimempa Kobe hotuba ya kurasa nne kuhusu uvumilivu. Ni hotuba nzuri. Nimefuta machozi mahali pawili.

Mwisho nimeuacha ulivyo. Tone puani. Basi.

Kushona na kujalidi ni kesho, karatasi zikikauka. Jioni hii ni kazi ya kukizeesha. Kila ukurasa nimeupitishia sifongo yenye chai, nikauning'iniza kwenye kamba ya nguo jikoni. Binti yangu aliporudi kutoka kazini akakuta kurasa zinaning'inia juu ya jiko. Akaniuliza baba, leo umefua nini. Nikamjibu fasihi.

Rangi imekubali vizuri mno. Manjano ya dhahabu, kama meno ya mzee. Nilitumia chai iliyobaki kwenye birika.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi.

Nimekipeleka kitabu maktaba kimefungwa kwenye leso. Mkutubi ni binti mpole, huniamkia kila nikiingia na huninong'oneza hata tukiwa nje barabarani. Alikipokea kwa mikono miwili. Akauliza kilichapwa mwaka gani. Nikasema hilo hakuna ajuaye. Kwa kweli hakuna.

Akafungua, akasoma ukurasa mmoja, akasema hajawahi kuona chapa inayofanana hivi na mwandiko wa mkono. Nikamwambia ndivyo walivyochapa zamani, kwa upendo. Akakiweka kwenye kabati la kioo karibu na mlango, na kikaratasi: Nakala adimu. Bonde la Njuga. Kwa hisani ya mzee wetu wa kujalidi.

Nimepita mbele ya kioo kile mara sita. Mara mbili tu nilikuwa na sababu.

Saa nane Mkunga akaja. Akaomba kabati lifunguliwe, akavaa miwani, akasoma amesimama, kitabu chote. Nilikuwa nyuma ya rafu ya magazeti, nasikia kila ukurasa ukigeuka. Nilitarajia aseme Kobe hakuwahi kuhutubia.  Kwenye hotuba aliguna tu, mguno wa mtu anayepokea mtoto mkubwa kuliko alivyotarajia.

Akamwambia mkutubi kwamba ni kitabu kizuri sana. Ila kimekatika. Ni nusu.

Nikatoka nyuma ya magazeti. Nikamwambia dada, hicho ni kitabu kizima, kinaishia pale kilipoishia tangu nikiwa mtoto. Tone la mvua. Huo ndio ufundi wake, kukuacha unafikiri.

 Akasema kwa upole, na upole wake huniudhi kuliko kitu chochote, kwamba chake yeye kinaanza na mvua.

Mwanamke huyu hajakisoma kitabu hiki. Nina hakika sasa.

Jumapili, 9 Machi

Nimetengeneza vazi la Kobe. Mgongo wangu hauruhusiwi kuvuta kamba, daktari amekataza hata kuitazama sana, kwa hiyo mimi ndiye mnyama wa timu. Ilikuwa heshima niliyojipa mwenyewe bila upinzani.

Gamba ni beseni kubwa la bati la kufulia, la binti yangu. Nimelifunika magamba ya ngozi za majalada ya zamani, kahawia na kijani, yamegandishwa moja moja. Mengine bado yana maandishi ya dhahabu. Begani kulia pameandikwa Sheria za Ardhi. Linavaliwa mgongoni kwa mikanda miwili ya suruali.

Nikivaa siwezi kukaa. Nikikaa siwezi kusimama. Wapaka rangi wamenifanyia jaribio kwenye ngazi, wakanipandisha ghorofa mbili nimelala kifudifudi kama kabati.

Binti yangu anauliza nguo atafulia nini wiki hii. Nimemwomba afikirie mambo makubwa.

Mkunga ameonekana akipanda ngazi na mto wa kulalia, mkasi na kitambaa cheupe. Nilimuuliza anashona nini. Akasema bata. Nikamwambia jina limeshaamuliwa. Akasema anajua, anamshona tu, hampeleki mtu mahakamani.

Jumatano, 12 Machi

Sisimizi.

Saa tatu asubuhi mkutubi alipiga simu kwa Kinyozi, Kinyozi akaniita kwa filimbi kutoka uani. Tukaenda maktaba, mimi, yeye na povu la kunyolea la mteja lililokuwa bado mkononi mwake.

Kabati la kioo lilikuwa limejaa. Mstari mweusi ulitoka dirishani, ukashuka ukutani, ukapita rafu ya jiografia, ukaingia kwenye tundu la ufunguo, ukatua juu ya kitabu changu. Walikuwa wanakula hotuba ya Kobe. Ukurasa wa uvumilivu ulikuwa umebaki kama wavu.

Mkutubi alinong'ona kwamba amehudumia vitabu vya zamani miaka tisa na hajawahi kuona kimoja kikipendwa na sisimizi. Akalamba kidole chake. Akasema mzee wangu, kitabu hiki ni kitamu.

Nikakumbuka birika. Kwetu nyumbani chai huwekwa sukari humo humo birikani, vijiko vitano, tangu binti yangu akiwa mdogo. Kukizeesha kitabu nilikizeesha vizuri. Ila nilikizeesha kwa sukari.

Nimekiri. Nilijaribu kwanza njia nyingine tatu, lakini nimekiri. Mkutubi hakukasirika, na hapo ndipo palipouma. Alisema sheria ni ya kila timu: kitabu cha kweli kabla ya Ijumaa saa kumi, la sivyo ni Timu Namba Saba. Waoka mikate, ambao tumepangwa kuvutana nao, wameleta chao tangu wiki iliyopita, wanaitwa Mlima wa Sukari. 

Kinyozi alitembea mbele yangu njia nzima. Mlangoni kwake akasema babu, watu wanane wananyanyua matofali uani kila jioni kwa ajili ya bonde lako. Dereva teksi ameacha hata soda.

Nimepanda kwangu, nimefunga mlango. Vazi limetundikwa ukutani linanitazama. Sheria za Ardhi.

Saa moja jioni mlango ukagongwa. Mkunga. Nilijiandaa kuchekwa. Akaingia, akakaa, akaomba chai, akauliza kama kuna hatari ya sisimizi. Kisha akacheka mpaka akavua miwani, na mimi bila kutaka nikacheka.

Akaniambia hotuba ya Kobe aliipenda. Akaniuliza kama nimeitunga mimi. Nikasema sehemu ndogo. Akasema ilifanana nami, ndefu lakini ina moyo. Kisha akasema na yeye alitaka kulisikia likiitwa kwa sauti, lile jina, hata kama ni bonde. Hana mwingine wa kulisema naye hapa. Nikamwongezea chai.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeletewa furushi.

Msafiri mmoja, rafiki wa rafiki wa mpwa wangu, amelileta mkononi. Limefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, fundo la kwetu, la kuzungusha mara tatu. Nililifungua bila kulikata.

Ndani vitabu viwili vyembamba. Cha kwanza kina jalada la mbele tu. Bonde la Njuga. Lango, nyasi, Kobe. Lilikuwa lenyewe, mpaka kile kidoa cha wino kwenye pua ya Kobe kilichokuwa kwenye nakala zote. Nikapekua kurasa mpaka mwisho. Tone la mvua puani. Nikasema moyoni, haya, dada, uko wapi.

Kisha nikatazama mgongo wake kwa jicho la kazi. Uzi ulikuwa umekatwa. Kwa wembe, mkato safi, wa rula. Kitabu hakikuishia pale. Kilikatwa pale.

Cha pili kina jalada la nyuma tu. Kinaanza katikati ya sentensi: "likamfuatia tone la pili, na la tatu, na kabla jua halijatua maji yalikuwa yamefika magotini mwa lango."

Nimekaa chini. Bahati nzuri sikuwa nimevaa beseni.

Barua ya mpwa wangu inaeleza. Amempata mwalimu mkuu wa zamani, ana miaka tisini na miwili na kumbukumbu ya kutisha. Vitabu vilikuja ishirini tu kwa shule mbili. Walimu wakuu wawili wakavikata katikati kwa wembe: nusu ya kwanza wavulana, nusu ya pili wasichana, muhula wa pili wabadilishane. Lakini kabla ya kubadilishana, mwalimu mkuu wa wasichana akaja kukagua, akakuta wavulana wamemchorea Kobe sharubu katika nakala saba. Akakataa kutoa za kwake. Hakuna aliyemweleza mtoto yeyote. Watoto wakakua.

Zile sharubu za nakala ya nne zilikuwa zangu.

Miaka yote hii nimewahutubia watu juu ya ujasiri wa mwisho ule. Nilimhutubia mke wangu, Mungu amrehemu, tukiwa kwenye fungate.

Nimewaza kwa muda wa dakika kumi kuficha nusu ya pili kabatini. Naandika hili kwa kuwa shajara ni ya ukweli. Nusu ya kwanza inajitosha, ina jina, ina Kobe, mkutubi angeipokea. Nilifika hata kwenye kabati. Kisha nikashuka ghorofa ya pili nazo zote mbili.

Mkunga alisoma nusu yangu, mimi nikasoma nusu yake, kila mtu upande wake wa meza, kama watoto wanaochungwa.  Alipofika kwenye tone akasema, kumbe hili ndilo lango. Miaka yote alijiuliza lile lango lililozama lilikuwa la nini.

Mimi nilifika ukurasa wa mwisho. Bonde limekuwa ziwa. Bata amewafundisha wanyama wote kuelea, isipokuwa Kobe, aliyejifunza mwenyewe kwa kiburi. Miaka imepita, maji yanaanza kupungua upande wa pili. Bata anamuuliza Kobe lini atarudi langoni kwake. Kobe anatazama ukingo wa ziwa, ambako nyasi zimeota upya na zinalia. Anasema analisikia bonde vizuri tu kutoka hapa.

Niliusoma tena. Kisha nikajifanya nasafisha miwani, Mkunga naye akajifanya anatafuta birika.

Ijumaa, 14 Machi

Kazi bora niliyowahi kufanya, na nimeifanya kwa saa tano.

Nimezishona nusu mbili. Mkunga alishika kibanio na kukata nyuzi. Anafunga fundo zuri kuliko langu, fundo la kitovu, haliachii. Nilitaka kumkosoa nikakosa pa kuanzia. Mgongo mpya nimeutengeneza kwa ngozi ya kahawia. Hatukukizeesha.

Ugomvi mmoja tu: jina. Mimi bonde, yeye ziwa. Gundi ikaanza kukauka. Kinyozi, aliyekuwa amekuja kutuharakisha, akasema kwa jina la filimbi yake, mnaitwa Njuga. Tu. Watu wa uwanjani hawana pumzi ya zaidi ya hapo.

Tulifika maktaba saa kumi kasoro dakika nane. Mkutubi akakifungua, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi kwa tahadhari. Akaandika: Njuga. Mnyama: Kobe.  Nikasikia mdomo wangu ukimwambia mkutubi aongeze Bata. Sijui umetoka wapi.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika yote.

Uwanja umejaa. Posta walikuja kama Kasri la Sungura, masikio ya katoni. Waoka mikate walikuja wamejipaka unga, mikono yao imekanda donge kila alfajiri miaka ishirini, kila mmoja ana shingo kama gunia.

Sisi: Kinyozi mbele, mkewe, wapaka rangi wawili, dereva teksi, mwalimu wa hesabu aliyekokotoa pembe ya miguu yetu kwa penseli, binti yangu, na mwisho kabisa Mkunga, kamba imezungushwa kiunoni. Mimi pembeni na beseni mgongoni, na juu ya beseni, amefungwa kwa mafundo manne yasiyoachia, bata mweupe wa mto wa kulalia.

Raundi ya kwanza tulivutwa kama kitanda.

Raundi ya pili Mkunga akawaambia wavute akisema yeye tu, na akaanza kusema. Sauti ile imetoa watu duniani. Sasa, sukuma, pumzika, bado, bado, sasa. Wakavuta kabla hawajajua kama wanataka. Waoka mikate wakaenda puani.

Raundi ya tatu kamba ilisimama katikati dakika nzima, halafu ikaanza kutuponyoka. Nikawa narukaruka kama nilivyopangiwa. Nikakanyaga mkia wa kamba. Nikaanguka chali.

Ukingo wa beseni ulizama ardhini kama jembe. Mkanda wa suruali ulikuwa umenasa kwenye kamba. Kamba ikakaza, ikagoma. Waoka mikate wanane wakavuta, nami nimelala naangalia mbingu, mikono na miguu hewani, na sikusogea hata kwa unene wa karatasi. Wakaishiwa pumzi. Kikosi chetu kikarudi nyuma hatua, hatua tena, Mkunga akanikalia. Tukashinda.

Mwamuzi akatufuta papo hapo. Mnyama haruhusiwi kushika kamba. Nilitetea kwamba sikuishika, ndiyo iliyonishika. Haikukubalika. Mlima wa Sukari wameingia nusu fainali.

Lakini walikuwa wameshaanza. Sijui nani alianza, nadhani ni posta. Njuga. Njuga. Watu mia tatu, kwa miguu, wanapiga chini kila wakisema. Nilikuwa bado chali, siwezi kugeuka, bata wangu amepasuka chini yangu, manyoya yananipanda usoni. Mkunga amekaa kando ya beseni, ameshika magoti. Njuga. Njuga. Tuliwaacha waendelee.  Baadaye aliniuliza kama nataka kuinuliwa, nikasema bado.

Jumapili, 16 Machi

Mwili wote unauma isipokuwa nywele.

Beseni limepinda. Binti yangu analitazama. Nimemwahidi albamu ya harusi, nikakumbuka hiyo ni ya mke wa Kinyozi, na bado sijaianza.

Mkutubi amekuja kunijulia hali. Amenong'ona kwamba kitabu kimeombwa na watu kumi na wawili tangu jana, kuna orodha. Na kwamba mwakani mashindano yatarudiwa, ila kila timu ilete kitabu ambacho hakijaletwa bado.

Nimefikiri. Nakala ile ina nusu mbili. Lakini nani amesema hakuna ya tatu? Huenda palikuwa na shule nyingine, ya mbali kidogo, ya bweni. Kobe baada ya ziwa. Kobe mlimani. Nimeshaandika kurasa sita, na tayari ana hotuba. Nimemdokeza Mkunga. Amesema ni wazimu mtupu, na kwamba Bata lazima awe na hotuba pia, ndefu zaidi. Chai iko jikoni inapoa. Safari hii bila sukari.

Kabla ya chakula nimemjibu mpwa wangu. Nimemshukuru kwa kitabu na kwa kamba, ambayo nimeihifadhi. Nimemwambia amsalimie mwalimu mkuu, na asimwambie habari za sharubu. Kuhusu kile chumba, wasikipake rangi tena, wampangishe mtu mwenye watoto. Sirudi.